UZI: Mto Sabaki ukishavunja kingo, mkubwa aseme nini kwanza? Kauli zinazowaumiza waliofurikiwa na jinsi ya kuziandika upya

#1 Mkaa Bondeni

Salaam kwenu nyote wa Malindi, Magarini, Lamu na Tana Delta.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaowaandikia wakubwa taarifa: maafisa wa mawasiliano wa kaunti, machifu na manaibu wao, makarani wa MCA (wawakilishi wadi), wasaidizi wa wabunge. Masika yakikolea na mto ukitapika, mkubwa hushuka kwenye gari, hupewa kipaza sauti, na kabla ya dakika tatu kwisha amekwisha kuwatia watu kidonda ambacho maji hayakuwatia. Mara nyingi hana roho mbaya. Amekuja mikono mitupu, hana idadi, hana jibu, waandishi wamemzunguka, basi anajitetea. Na mtu anayejitetea mbele ya mfiwa hatoi neno jema, hata awe na ufasaha wa namna gani.

Chukueni sentensi inayosikika kuliko zote: "Tuliwaambia wahame, hawakusikia." Ipasueni neno kwa neno.

"Tuliwaambia." Nani, lini, kwa lugha gani? Tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa huandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna "zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24". Kutoka Nairobi inakwenda kwa kamishna wa kaunti, kwa naibu wake, kwa chifu, kwa mzee wa kijiji. Kila kituo unapotea muda na linapotea neno. Mwisho wa safari, mama wa kijiji cha Garashi anaambiwa "kutakuwa na mvua kubwa", jambo analoambiwa kila masika. Hakuambiwa maji yatafika mwembe upi, wala ahamie wapi, wala mbuzi wake waswagwe na nani. Huyo hakuambiwa ahame. Aliambiwa kuna mvua.

"Wahame." Waende wapi? Bonde la Sabaki ndilo lenye udongo unaozaa bila mbolea. Na huku Pwani, mtu wa kawaida kuwa na hati ya kiwanja cha juu si jambo jepesi: sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wakiitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao, na kidonda hicho hakijapona hadi leo.

"Hawakusikia." Hapo mtu mzima aliyetoka kuzika amegeuzwa mtoto mkaidi.

Kisha kauli hiyo inaharibu kazi yenyewe. Mtu aliyesemwa vibaya mbele ya kamera haendi kujiandikisha kwenye meza ya yule aliyemsema. Wanaume hurudi bondeni kulinda mabati, wake na watoto hubaki kambini, hesabu ya kaya inatoka pungufu, na chakula kinaagizwa kwa hesabu hiyo pungufu. Msimu unaofuata boti ikija kuwachukua, watu wanaitazama tu.

Nauliza basi: neno la kwanza liwe lipi, na yapi yasitamkwe kabisa? Wenye ujuzi wachangie kwa vipimo.

#2 Mpima Maji

Ndugu Mkaa Bondeni, niongeze upande wa mto, maana kauli nyingi mbaya huzaliwa na kutoujua.

Athi ukiungana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani ndio Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya, karibu kilomita 390, na maji yake mengi hutoka bara, nyanda za Nairobi na Ukambani. Kwa hiyo Malindi inaweza kuwa na jua la utosini, nguo zinakauka kambani, na Sabaki ukapanda kwa mvua iliyonyesha mbali siku kadhaa nyuma. Kiongozi anayesema "mbona hata mvua hainyeshi, hawa wanatia chumvi" amewaita watu waongo juu ya jambo ambalo angelijua kwa simu moja.

Kabla hajafungua mdomo, msaidizi wake apate mambo manne. Kina cha mto asubuhi hii, na kina cha jana saa ile ile, ili ajue unapanda au unashuka. Mvua ya saa 72 zilizopita Machakos, Makueni na Taita Taveta. Hali ya bahari, kama ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo). Bamvua likisukuma mlangoni mwa mto, maji ya mto hukosa pa kutokea, yakarudi nyuma na kutandaa mashambani. La nne ni Baricho. Visima vya Baricho viko kandokando ya Sabaki, na ndivyo vinavyonywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mto ukiharibu pampu au bomba pale, mifereji ya mjini hukauka wakati bonde zima limejaa maji. Anayesema "maji si mnayo tele" mbele ya watu ambao watoto wao wanahara kwa kunywa tope, hajui anachokisema.

Kwa Lamu mto ni mwingine, Tana. Bwawa la Masinga likijaa hufika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likizidi hapo maji humwagika, yakashuka Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakaja Garissa, hatimaye Garsen na pembe za Witu. Watu wa huko wanapouliza kama mabwawa yamefunguliwa, jibu ni kiwango cha Masinga cha siku hiyo, kwa mita, pamoja na siku ambayo maji yanatarajiwa kufika. "Acheni uvumi" si jibu. Ni tusi, na tena linaacha uvumi palepale ulipokuwa. Barabara ya Garsen–Witu–Lamu ilipofunikwa na maji Gamba na Lango la Simba, mwisho wa 2023 na tena masika ya 2024, wasafiri walihitaji kujua kina cha maji barabarani na saa ya boti. Wenye mamlaka yoyote juu ya barabara ile waanze na hayo mawili.

Na kuna kauli inayotangulia maji. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Nino iliyotabiriwa haitakuja kwa ukali uliosemwa. Novemba mvua ilifululiza, na watu zaidi ya 100 wakafa nchini. Mwanasiasa akishatuliza watu kwa jambo la hali ya hewa, kila neno la pole analolitoa baadaye hupimwa kwa lile la kwanza. Utabiri usomwe na mtabiri.

#3 Binti Shela

Kaka Mpima Maji, hilo la kutuliza kabla ya janga lilifika hadi mahakamani Italia. Mji wa L'Aquila ulitikisika kwa miezi, na siku chache kabla ya tetemeko kubwa la 6 Aprili 2009, naibu mkuu wa Ulinzi wa Raia, Bernardo De Bernardinis, aliwaambia watu hakuna hatari, na akakubali kwamba wanaweza kutulia na glasi ya divai. Waliokufa walizidi 300. Mwaka 2012 yeye na wanasayansi sita walihukumiwa miaka 6 jela. Rufaa ya 2014 iliwaachilia wanasayansi wote. Yeye akabakishiwa miaka 2. Tetemeko hilo hilo, Waziri Mkuu Silvio Berlusconi aliwaambia waliokuwa wakilala kwenye mahema wajione kama waliokwenda kupiga kambi wikendi.

Mifano mingine naipitia haraka, kwa sababu makosa ni yale yale. Marekani 2005: kimbunga Katrina kilipiga 29 Agosti, 2 Septemba Rais George W. Bush alimsifu hadharani mkuu wa shirika la dharura, Michael Brown, kwamba anafanya kazi nzuri sana, ilhali New Orleans watu walikuwa bado wanangoja kuokolewa. Siku 10 baadaye Brown alijiuzulu. Japani 2011: gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliita tsunami adhabu ya mbinguni, kesho yake akaomba radhi. Japani tena, Aprili 2017: waziri wa ujenzi mpya, Masahiro Imamura, alisema ni heri tsunami ile ya 2011 ilitokea Tohoku, si karibu na Tokyo. Waziri Mkuu Shinzo Abe aliomba radhi jioni ile ile, na Imamura akaachia ngazi. Kwa jirani zetu, Kagera ilitetemeka 10 Septemba 2016. Rais John Magufuli alipokwenda Januari 2017 aliwaambia wananchi kuwa serikali haikuleta tetemeko. Na hapa kwetu Novemba 2022, ukame ukiwa umekausha Ganze na Magarini, Waziri wa Biashara Moses Kuria, akitetea mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba), alisema nchi hii ina mengi ya kuua mtu, kuongeza GMO si neno.

Sasa njooni kwenye rasimu, maana kauli ya namna hii huonekana kwenye karatasi kabla haijatamkwa. Yako maneno madogo ambayo mwandishi wa taarifa ayasake kwa kidole.

"Angalau." Futa popote lilipo. "Angalau hakuna aliyekufa" inamwambia aliyepoteza ng'ombe 12 kwamba hajapoteza kitu. "Heri" na "bora" ni ndugu zake. Lile la Imamura lilikuwa "heri".

"Tu." Hili ndilo baya kuliko yote kwa udogo wake. "Watu watatu tu wamefariki." Toa "tu" na sentensi inasimama: "Watu watatu wamefariki." Tofauti ni herufi mbili, lakini ukoo mzima unazisikia.

"Hao", "wale", "watu wa bondeni". Taja kijiji. Goshi, Jilore, Bate, Chalaluma. Mtu akisikia kijiji chake kimetamkwa sawasawa anajua ameonekana.

"Maiti wangapi?" Swali hili huulizwa kwa sauti na maafisa mbele ya familia, maana kwao ni lugha ya kazi. Mbele ya watu sema marehemu. Miili ni neno la polisi na hospitali.

"Lakini" baada ya "poleni". "Poleni, lakini..." inafuta pole. Weka nukta baada ya poleni, na sentensi inayofuata ianze upya.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwenye maafa hilo ni la kubandikwa ukutani pa ofisi.

#4 Mwana wa Pate

Assalam aleikum. Dada Binti Shela, Allah akulipe kheri. Naongeza moja ambalo huku kwetu ni zito: "Ni mapenzi ya Mungu."

Baada ya tetemeko la 6 Februari 2023, Uturuki ilipoteza watu zaidi ya 50,000. Rais Recep Tayyip Erdoğan alipotembelea mkoa wa Kahramanmaraş alisema mambo kama hayo ni sehemu ya mpango wa kadari. Wengi walikasirika, na baadhi yao ni waumini wasiokosa swala. Kwa nini? Kwa sababu ya msemaji. Mfiwa akijiambia "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" anajipoza moyo kwa maneno aliyofundishwa. Mwenye dhamana ya vibali vya ujenzi akimwambia mfiwa kwamba ni kadari, anafunga mjadala wa vibali.

Na dini yenyewe haimpi ngao hiyo. Yule aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia au amwache na kutawakali, aliambiwa amfunge, kisha atawakali. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham (Shamu, upande wa Syria), akasikia kuna tauni, akarudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Chifu au gavana anayetaka kutaja kadari aanze kueleza alivyomfunga ngamia.

Upande wa adabu ya kuhani wafiwa, wanaompangia kiongozi ziara wajue hivi. Mazishi yatangulie, hotuba ifuate siku nyingine. Akifika msibani avue viatu, akae mkekani na wenzake, atoe pole, anyamaze. Kamera zibaki nje ya ua. Asiwaahidi wafiwa kitu akiwa amekaa kwenye mkeka ule. Ahadi ni ya barazani, mbele ya watu wote, ili isije ikawa deni la nyumba moja lililosahauliwa. Ubani wake, yaani mchango wa msiba, aukabidhi kimya kwa mkubwa wa nyumba. Kwa ndugu zetu Wagiriama matanga yana taratibu zake. Amuulize mzee wa ukoo lini mgeni huruhusiwa kusema, na afuate atakaloambiwa.

#5 Karani wa Ghala

Mimi nashika hesabu, kwa sababu kauli nyingi za kuudhi ni hesabu mbovu iliyotamkwa kwa sauti kubwa.

Tuseme kambi ina kaya 300, kila kaya watu 6. Hao ni watu 1,800. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hufuata, vinasema lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. 1,800 mara 15 ni lita 27,000. Boza la lita 10,000 lije mara tatu kila siku. Sasa mkubwa anaposema "maji tumeleta" na nyuma yake limesimama boza moja, wale walio mwisho wa foleni wameshajua kuwa karibu theluthi mbili za watu hawatapata, naye bado anapigiwa makofi.

Chakula. Mgao wa kawaida wa mashirika ni nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku, kunde au maharagwe gramu 60, mafuta gramu 25. Kaya ya watu 6 inakula unga kilo 2.4 kwa siku. Ile pakiti ya kilo 2 ambayo mama anakabidhiwa mbele ya kamera, mkono wa kiongozi juu na wake chini, haimalizi siku. Akiambiwa "sasa mshukuru serikali yenu", anatakiwa ashukuru kwa chakula cha mchana na sehemu ya cha usiku. Kwa siku 14 kaya moja inahitaji unga kilo 33.6, maharagwe kama kilo 5, mafuta kama kilo 2. Kwa kaya 300 ni unga kilo 10,080, yaani magunia 112 ya kilo 90. Hilo ni lori zima la tani 10 lenye unga peke yake. Kiongozi akiwa na magunia 40, aseme ana magunia 40, yanatosha siku 5, na lori la pili linafika siku fulani. Watu wanavumilia upungufu uliotajwa. Uliofichwa hauvumiliki.

Tena kuna kosa la mahindi mazima. Kambi haina mashine ya kusaga, kuni zimelowa, na mashine ya karibu imefurika. Ukimpa mtu mahindi hapo umempa mzigo. Akilalamika kisha aambiwe "ombaomba hachagui", hapo mna makosa mawili: la bohari na la ulimi.

Vyoo: mwanzo kimoja kwa watu 50, yaani 36, mambo yakitulia kimoja kwa watu 20, yaani 90. Mahali pa kulala mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo kaya ya watu 6 inahitaji 21. Turubai la mita 4 kwa 6 lina 24, linaenea kaya moja. Mkiona kaya mbili chini ya turubai moja, kiongozi asitamke kwamba "kila familia imepata makao".

Orodha nayo ni chanzo cha matusi. Ya mzee wa kijiji huwaacha wapangaji, vijana waliooa juzi, na wajane wanaokaa kwa kaka zao. Wakija kuuliza huambiwa ni waongo waliokuja kunusa chakula. Dawa yake: orodha isomwe kwa sauti kijiji kizima siku moja kabla ya mgao, ibandikwe mtini, na pembeni pawe na meza ya waliorukwa, yenye karani asiye wa kijiji kile. Atakayekutwa si wa kambi aambiwe faraghani.

#6 Mkweli Daima

Nawasoma na nakubali mengi. Ila mimi naona tunawafunga viongozi midomo. Wapo wanaorudi bondeni kila mwaka, mahema yakishakunjwa tu. Mto wanaujua. Kiongozi asipowaambia ukweli ule siku ambayo wameuona kwa macho, atawaambia lini? Ukweli mchungu nao ni upendo.

#7 Mkaa Bondeni

Ndugu Mkweli Daima, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Ukweli wa makazi lazima usemwe. Ninachobishana nacho ni siku yake, mahali pake, na kile unachokuja nacho mkononi.

Saa 72 za kwanza ni za kuokoa, kutafuta waliopotea, maji safi na wagonjwa. Katika saa hizo mtu hana masikio ya mpango wa makazi, anamtafuta mtoto. Kuanzia kama siku ya 4 hadi ya 14 ni wakati wa mgao, dawa, na watoto kurudi shule ambayo huenda ndiyo kambi. Baada ya hapo, matope yakiwa bado yameshika kuta na alama ya maji ikionekana, ita baraza. Njoo na ramani, na alama ya maji ya mwaka huu na ya miaka ya nyuma ikiwa imepakwa rangi kwenye nguzo. Njoo na kiwanja chenye namba. Mtu aendelee kulima bondeni na alale juu. Hilo watu wengi hulikubali, kwa kuwa riziki yake haikuguswa. Ukimwambia aache bonde lote na huna cha kumpa, umemwambia afe njaa mahali pakavu.

Angalia amri za kuhama. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji na matope yalisomba watu Mai Mahiu. Tarehe 2 Mei Wizara ya Usalama wa Ndani ikawapa saa 24 walio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wawe wamehama. Hatari ilikuwa ya kweli na haraka ilistahili. Lakini amri ya namna hiyo ikifika kijijini bila sehemu zake zote huwa kitisho. Inahitaji kusema nani hasa anahusika, kwa majina ya vijiji na alama kama mti, daraja au msikiti. Mwisho ni saa ngapi. Aende wapi, kwa jina la shule. Usafiri unapatikana wapi na hautozwi. Mifugo ipelekwe wapi. Na nani atalinda nyumba usiku. Hilo la mwisho ndilo huwabakisha wanaume ndani ya maji. Ukisema "polisi wawili na vijana wanne wa kijiji watazunguka kwa boti usiku kucha", utaona watu wakipanda boti.

Na isemwe kwa lugha ya mahali. Magarini, Kigiriama. Tana Delta, Kipokomo na Kiorma. Lamu Mashariki, Kibajuni.

#8 Wakili wa Mtaa

Upande wa sheria, kwa ufupi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 28, inalinda utu wa kila mtu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, kabla ya kufutwa 2025, ilimtaka afisa awatendee wananchi kwa adabu na heshima. Sheria ya 2012 ya wakimbizi wa ndani inawahusu pia waliohamishwa na majanga ya asili, kwa hiyo anayewaambia "hamkufukuzwa na mtu, rudini kwenu" amekosea kisheria na si kiadabu peke yake. Afisa akisema "kaunti haina bajeti ya mambo haya", ulizeni hazina ya dharura: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa nayo, hadi asilimia 2 ya mapato yake.

Mkitaka takwimu za misaada, andikeni ombi kwa Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016. Jibu la kawaida ni ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Andikeni maneno hayo juu ya barua, na elezeni uhai wa nani uko hatarini. Malalamiko ya afisa kukosa adabu yanapokelewa na Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman. Andikeni tarehe, mahali, cheo, na maneno yenyewe kwa lugha aliyoyatamkia, msiyatafsiri. Ambatisheni video nzima. Kipande cha sekunde 15 kilichokatwa kimewahi kumfanya mtu aonekane amesema asilolisema, na haki ni ya pande zote.

Kuhusu kuomba radhi: "Samahani kama kuna aliyekwazika" haifai kitu, kwa kuwa inatia shaka juu ya maumivu yenyewe. Radhi inayosimama inarudia neno lililosemwa, inakiri kuwa lilikuwa kosa, inawataja walioumizwa, inasema kitakachofanywa na siku yake. Itolewe ndani ya siku moja, mahali pale pale palipotamkwa kosa, na mdomo ule ule. Msemaji wa ofisi hawezi kumwombea mwingine.

#9 Mkaa Bondeni

Nimekusanya michango yenu kwenye karatasi moja ya kusomwa siku ya kwanza. Nafasi zijazwe, mengine yaachwe yalivyo.

"Poleni sana watu wa ___. Hadi saa 4 asubuhi hii tumethibitisha watu ___ wamefariki. Familia zao zimeambiwa kabla ya tangazo hili. Watu ___ bado wanatafutwa, na boti ___ ziko mtoni sasa hivi kutoka ___ hadi ___. Anayemtafuta mtu wake aende kwenye meza iliyo shule ya ___, au apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Mto asubuhi hii uko mita ___, jana saa hii ulikuwa mita ___. Msirudi ng'ambo ya ___ hadi tuwatangazie. Leo kuna maji lita ___. Yanayohitajika ni lita ___. Kuna unga wa siku ___. Lori jingine linatarajiwa ___. Tahadhari sisi tuliipata siku ya ___, nyinyi ikawafikia siku ya ___. Kuchelewa huko ni kwetu. Nitarudi hapa hapa kesho saa 10 jioni, nieleze kilichofika na kisichofika."

Haizidi dakika mbili kwa kusoma polepole. Namba ikibadilika, taarifa ya kesho ianze na "jana tulisema ___, leo imethibitika ni ___", bila maelezo marefu. Baada ya kusoma azime kipaza sauti, akae na watu.

#10 Binti Shela

Mbili za mwisho, kaka. Hilo la "watu wa ___" visomwe vijiji vyote, hata vikiwa 11, na karani aviandike jinsi vinavyotamkwa na wenyeji. Na pale Garashi Kigiriama kitangulie, Kiswahili kifuate.